Ampli na Bafle: Tusikilize Kwanza, Tununue Kisha



Kila siku wengi wenu munatusimamisha njiani na kutuuliza: "Ile sono itanunuliwa lini?" Munajua kwamba tangu mwanzo wa mwaka wa shule kila mwanafunzi ametoa mchango wake, na feza iko kwa mtunza-sanduku. Munajua pia tunaihitaji juu ya nini. Katika chumba chetu kikubwa cha mikutano, chenye paa la mabati na kuta za sementi, wadogo zetu wa darasa la saba wanakaa nyuma, na wao hawasikii kitu. Katika trimestri ya pili saa za mtihani zilibadilishwa. Tangazo likasomwa mbele, sisi wakubwa tukaitika "Ndiyo!", na siku ya mtihani watoto kumi na mmoja wakafika wakati jua limekwisha kupanda. Basi si mambo ya muziki na sikukuu tu.

Wengi wanasema: tununue bafle kubwa kuliko zote zilizo sokoni. "Ile ya wati elfu, njo inapiga!" Sisi wa kamati ya muziki hatukatai mbele ya kusikia. Walakini tulimwomba Bwana Prefe ruhusa ya kusikiliza vyombo kwanza, naye alikubali. Katika kurasa hizi tunataka kueleza jinsi watu wanavyopima ampli na bafle kwa masikio, na nini tulichosikia sisi wenyewe.

Tuanze na kazi ya kila chombo. Mikro inageuza sauti ya mtu kuwa umeme mdogo sana. Ampli inaukuza umeme ule, nayo haina ruhusa ya kuongeza kitu wala kupunguza: umbo la wimbi lililoingia dogo litoke kubwa, lakini lilelile. Bafle inarudisha umeme kuwa sauti. Ndani yake kuna waya uliozungushwa kama uzi kwenye kijiti, umekaa kati ya sumaku, na umeshikamana na karatasi ngumu yenye umbo la funeli. Umeme ukienda na kurudi katika waya, karatasi inakwenda mbele na nyuma, na hewa inatikisika. Namna hii ya spika ilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg, wafanyakazi wa General Electric huko Marekani, mwaka 1925. Mpaka leo, karibu miaka mia, spika nyingi za redio, za kanisa na za baa zinafanya kazi vilevile.

Hapa kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, hata wale wanaokodisha sono. Neno letu "bafle" limetoka kwa Wazungu, na zamani halikuwa jina la spika. Lilikuwa jina la ubao wake! Karatasi ya spika ikienda mbele, inasukuma hewa iliyo mbele, na wakati uleule inavuta ile ya nyuma. Sauti ya nyuma ikizunguka na kukutana na ya mbele, zinauana, zaidi sana sauti nzito za besi. Njo maana spika iliyotolewa katika redio mbovu na kushikwa mkononi inalia kama mbu. Jaribuni wenyewe: tobweni kartoni tundu moja lenye upana wa spika, mubandike spika hapo, na mutasikia besi inazaliwa bila kuongeza hata wati moja. Sanduku basi si nguo ya spika. Ni nusu ya kazi yake.

Aliyewafundisha watu wengi habari hizi ni Gilbert Briggs, Mwingereza wa Yorkshire, aliyezaliwa mwaka 1890. Kwanza hakuwa mtu wa umeme, alikuwa katika biashara ya vitambaa. Mwaka 1932 alianza kutengeneza spika katika chumba cha chini ya nyumba yake mjini Ilkley, akaipa kazi hiyo jina Wharfedale, ndilo jina la bonde la kwao. Mwaka 1948 aliandika kitabu juu ya spika, kwa maneno mepesi ambayo hata mtu asiyesoma fizikia anaweza kuyafuata. Alipenda kujaribu vitu vya bei ndogo. Aliona kwamba ubao mwembamba wa sanduku unatikisika na kuongeza sauti yake mwenyewe, kama mtu anayeimba bila kualikwa katika kwaya. Basi akachukua mbao mbili, akaacha nafasi kati yao, akajaza mchanga mkavu. Mchanga hauimbi. Alisifu hata sanduku la matofali lililojengwa katika pembe ya nyumba.

Lakini tendo lake kubwa lilikuwa la tarehe 1 Novemba 1954, mjini London, katika Royal Festival Hall, chumba cha muziki chenye viti karibu elfu tatu. Tiketi zote ziliuzwa. Wanamuziki walipiga mbele ya watu, kisha muziki uliorekodiwa ukapigwa kwa bafle palepale, ili kila mtu alinganishe yeye mwenyewe. Rafiki yake Peter Walker, mwenye kampuni ya Quad, alileta ampli. Na munajua nguvu ya ampli moja ya Quad ya miaka ile? Wati 15. Tunaandika tena kwa wale wanaotaka elfu: kumi na tano. Mwaka uliofuata, 1955, Briggs alivuka bahari na kufanya vilevile katika Carnegie Hall ya New York.

Kwa nini tunalisifu tendo hili kuliko maonyesho mengine ya vyombo vya sauti? Maonyesho hayo yako mpaka leo katika nchi za Ulaya. Yale makubwa ya Ujerumani yalifanyika Munich kuanzia 2004 hadi 2025, kisha waandalizi wakaamua kuyahamishia Vienna, Austria, kuanzia 2026. Huko kila mwenye kiwanda anapewa chumba chake. Yeye ndiye anayechagua wimbo, yeye ndiye anayeshika kitufe cha sauti, yeye ndiye anayepanga viti. Mgeni anatoka chumba hiki na kuingia kile, anaandika "hapa tamu, pale kavu", na hajui kama amesikia bafle, au chumba, au wimbo. Ni kama kulinganisha wapishi wawili, mmoja amepika samaki na mwingine sombe. Briggs aliweka chombo kando ya muziki wenyewe, katika chumba kimoja.

Hata hivi, kulinganisha na mtu mzima kunaweza kuwa na ujanja. Kuanzia mwaka 1915 kampuni ya Edison ilizunguka Marekani na waimbaji waliosimama karibu na gramofoni. Mwimbaji aliimba, akanyamaza, diski ikaendelea, na watu wakashangaa kwamba hawaoni tofauti. Mmoja wa waimbaji wale, Anna Case, alipokuwa mzee alikubali kwamba alikuwa akiibana sauti yake ifanane na ya mashini. Kumbe si mashini iliyofikia mtu, ni mtu aliyeshuka mpaka kwa mashini!

Sikio letu ni chombo cha ajabu lakini linadanganywa upesi, na wauzaji wanajua. Udanganyifu wa kwanza ni nguvu. Bafle mbili zikiwa sawa, ile inayopiga juu kidogo tu tunaiita nzuri zaidi, tena hatusemi "ina nguvu zaidi", tunasema "ina sauti safi, ina uhai". Kwa hiyo asiyezilinganisha kwa nguvu moja hajalinganisha kitu.

Na juu ya wati: nguvu ya sauti inapimwa kwa desibeli. Ukitoka wati 50 kwenda 100, umeongeza desibeli 3 tu, na sikio linaona tofauti ndogo. Ili sikio liseme "sasa ni mara mbili", inahitajiwa karibu desibeli 10, maana yake wati mara kumi. Tena bafle zenyewe hazilingani kwa kula umeme. Kuna inayotoa desibeli 86 kwa wati moja ukiwa mbali naye mita moja, na kuna inayotoa 96. Ile ya pili kwa wati 10 inalingana na ya kwanza kwa wati 100. Hesabu hiyo haiandikwi kwa herufi kubwa juu ya kartoni. Herufi kubwa ni za wati, na mara nyingi ni wati za karatasi, ambazo chombo hakiwezi kutoa hata kwa dakika moja.

Udanganyifu wa pili ni macho. Mwaka 1994 wataalamu Floyd Toole na Sean Olive, waliokuwa wakifanya kazi na kampuni ya Harman huko Marekani, walisikilizisha watu bafle zilezile kwa njia mbili: mara moja wanaziona, mara nyingine ziko nyuma ya pazia. Walipoziona, maksi zilifuata ukubwa, bei na jina. Nyuma ya pazia maksi zilibadilika, na watu wakasikia mambo ambayo macho yalikuwa yamewaficha, kwa mfano kwamba bafle ileile ikihamishwa mahali inabadilika sauti.

Na udanganyifu wa tatu ni chumba. Hapa tukae kidogo, kwa maana ni ugonjwa wetu sisi. Sauti inasafiri karibu mita 340 kwa sekonde. Chumba chetu kina urefu wa mita 25. Neno likitoka mbele, likapiga ukuta wa nyuma na kurudi, limetembea mita 50, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya saba ya sekonde. Mjerumani Helmut Haas alionyesha mwaka 1949 kwamba mwangwi unaofika mapema sana sikio linaukubali na kuuchanganya na sauti ya kwanza. Ukichelewa kupita karibu sehemu moja ya ishirini ya sekonde, unaanza kusumbua maneno. Wetu umechelewa mara tatu. Na anayeumia si irabu a, e, i, o, u, kwa sababu hizo ni ndefu na zina nguvu. Wanaoumia ni akina s, f, t, sh, ambao ni wafupi na wembamba. Sasa fikirini tofauti ya "saa tatu" na "saa sita" kwa mtoto aliyekaa benchi la mwisho.

Basi Jumamosi moja, umeme ukiwapo (neema!), tulifunga mashuka mepesi mbele ya jukwaa. Mashuka, si blanketi, kwa sababu blanketi ingekula zile s na f. Nyuma yake tuliweka bafle za namna tatu. Ya kwanza ililetwa na muuzaji mmoja wa mjini: nyeusi, ya plastiki, inafika kifuani mwa mtu, ina taa za rangi zinazowaka. Tukaiita Tembo. Ya pili ni jozi ya bafle za mbao za sebuleni, tulizoazima kwa mchungaji mmoja mzee. Ya tatu ni pembe ya chuma, ile ambayo wainjilisti wanafunga juu ya gari. Mwalimu wa fizikia alisimama benchi la katikati na simu inayopima desibeli, akahakikisha zote zinapiga kwa nguvu moja. Waliosikiliza walitoka madarasa yote, na hawakuambiwa ipi inapiga. Tuliwaomba kwaya waimbe ubeti mmoja nyuma ya mashuka, kisha tukapiga ubeti uleule tuliokuwa tumerekodi. Tuliurekodi nje, katika uwanja wa mupira, ili mwangwi wa chumba usihesabiwe mara mbili.

Haya ndiyo tuliyosikia. Tembo, katika wimbo wenye gitaa na ngoma, alipendwa mara moja na wavulana. Besi yake iliingia tumboni. Lakini kwaya ilipofika, sauti ya nne ilivimba na kufunika zote, na soprano wakawa kama wanaimba ndani ya pipa. Tulipomtoa pembeni mwa ukuta na kumpandisha juu ya meza, alipona kidogo, kwa maana pembe ya nyumba inaongeza besi. Hata hivi plastiki yake ilitikisika. Ukiweka mkono juu ya sanduku, unasikia linaimba wimbo wake. Tulimkumbuka Briggs na mchanga wake.

Bafle za mzee mchungaji zilitushangaza. Katika mabenchi ya mbele watu walisema kwaya imerudi. Mama Monitrisi anayeongoza kwaya alifunga macho na kututajia mmoja mmoja waliokuwa wakiimba, mpaka yule wa alto mwenye mafua. Ni sauti ya kweli, haina ukali, pumzi za waimbaji zinasikika kabla ya neno. Lakini ukirudi nyuma, inakwisha. Mwalimu alipoongeza nguvu ili ifike kule, zikaanza kukwaruza, na tukaacha upesi. Tuwaeleze: ampli ikiombwa kupita uwezo wake, inakata vichwa vya mawimbi, na umeme huo uliokatwa unaweza kuunguza spika ndogo ya juu. Hatukutaka kurudisha kwa mzee majivu.

Pembe, jamani, kwa wimbo ni adhabu. Kwaya nzima iliimba kwa pua. Walakini tulikuwa tumetayarisha jaribio jingine, nalo likageuza mambo. Tulifanya dikte. Mmoja alisoma katika mikro maneno yasiyofuatana: vita, pita, sita, kata, bata, pata, fupa, supa. Watoto wa darasa la saba, katika mabenchi yao ya nyuma, wakaandika. Kwa Tembo karatasi zao zilijaa makosa, hata zile za wanaojua kuandika vizuri. Kwa bafle za mbao yalipungua. Kwa pembe, ile mbaya, makosa yalikuwa machache kuliko yote, kwa sababu pembe inaelekeza sauti kama tochi inavyoelekeza mwanga: inafika kwa watu kabla ya kuchezacheza ku mabati. Basi chombo kilichopendwa zaidi katika ngoma ndicho kilichoshindwa zaidi katika tangazo. Mtoto mmoja alitupa karatasi yake akisema: "Ule wa kwanza nilisikia paka mvumo, sikusikia mutu."

Ampli tulikuwa nazo mbili, mpya ya muuzaji na ya zamani ya kanisa. Zikiwa hazisukumwi kupita kiasi, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ipi ni ipi, ijapokuwa wawili walibishana sana. Hatukushangaa. Mwaka 1978 huko Uingereza, James Moir aliwasikilizisha wazoefu ampli tatu za Quad, moja ya zamani ya taa za kioo na mbili za transista, bila kuwaambia ipi inapiga. Majibu yao yalikuwa sawa na ya mtu anayebahatisha. Kwa hiyo ampli nzuri na ya kiasi inatosha, na feza nyingi ziende kwa bafle, kwa nyaya na kwa mahali pa kuzifunga.

Rafiki mmoja atasema: mbona muziki wetu wa Kongo umependwa na dunia ukipitia spika zinazokwaruza? Ni kweli, na sisi tunaupenda. Mawangu Mingiedi, mzee wa Konono No 1 wa Kinshasa aliyefariki mwaka 2015, alitia umeme katika likembe kwa mikro alizotengeneza mwenyewe na sumaku za vyuma vya magari mabovu, akapigia katika pembe kubwa za kutangazia. Mkwaruzo ule ulikuwa sehemu ya wimbo. Diski yao Congotronics ya mwaka 2004 ilivuka mipaka kwa sauti hiyohiyo. Lakini Mingiedi aliuchagua mkwaruzo kama mpishi anavyochagua pilipili. Wadogo zetu hawakuchagua kusomewa saa za mtihani katika mvumo.

Tumeandika haya yote kwa kamati ya wazazi, ambayo itakutana mwisho wa mwezi, na karatasi za dikte tumeziambatisha. Tunaomba hivi: isinunuliwe bafle moja kubwa ya mbele. Zinunuliwe nne za kiasi zenye desibeli nyingi kwa wati moja, mbili mbele na mbili katikati ya chumba, zifungwe juu ya vichwa na kuinamishwa kuelekea mabenchi, ili kila mtu awe na bafle karibu naye. Bei yake, pamoja na nyaya, haipiti ya Tembo. Tumeuliza. Muuzaji hakufurahi, lakini alitupatia hesabu kwa mkono wake.

Kwa upande wa ukuta wa nyuma, Mama Monitrisi ametoa wazo la kuutundikia vitambaa vizito na mikeka ili kupunguza mwangwi. Wenye mikeka ya zamani nyumbani wailete kwa sekretari kabla ya Ijumaa. Na wale wa useremala wanaotaka kujaribu sanduku la mbao mbili, mchanga mkavu uko nyuma ya jiko. Ucheketeni kwanza, una mawe.

Kapita wa shule, pamoja na kamati ya muziki